Breka ya umeme ya kilo 15, baada ya miezi minne ya kuvunja zege

Niseme mapema tu, mashine nimeikubali. Ni breka ya umeme, yaani mashine ya kuvunjia zege, ya kilo kama 15, wati 1700, shina la tindo ni lile la pembe sita la mm 30, na mpaka sasa nimeshavunjia sakafu mbili, karo la zamani na kipande cha msingi. Zege la sentimita 10 lisilo na nondo linaachia fasta, kazi ambayo kwa nyundo na tindo ya mkono ingenila siku nzima naimaliza kabla ya saa sita.

Ila nguvu yake ukiielewa vibaya inakuumiza. Siku ya kwanza nilikuwa naikandamiza kwa mwili wote nikidhani ndo inavunja zaidi, kumbe uzito wake wenyewe unatosha, wewe kazi yako ni kuishika wima na kuielekeza basi. Anza karibu na ukingo, vunja vipande vidogo, na zege lisipopasuka ndani ya sekunde kumi hivi hamisha tindo, usiendelee kuchimba shimo palepale maana tindo itanasa. Ikinasa usiitumie mashine kama mtaimbo, yaani hilo nalisisitiza sana, unapinda tindo na mgongo wako unaharibika, zima, chomoa waya, itoe tindo kwenye mashine halafu uichokonoe na tindo nyingine.

Sasa mtetemo. Kijitabu cha yangu kinasema kama mita 10 kwa sekunde mraba, na sheria za Ulaya zinataka mkono usizidi wastani wa 5 kwa siku ya kazi ya masaa 8. Ukipiga hesabu unakuta kwa mashine ya 10 unafika kikomo kwa masaa mawili tu ya kuigonga mfululizo, na kiwango cha kuanza kuchukua tahadhari, ambacho ni 2.5, unakifikia kwa nusu saa! Kwa hiyo mimi nagonga dakika kumi, napumzika naokota vifusi, au tunapokezana na mwenzangu. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe usijifanye mgumu, mishipa ya fahamu ikishaharibika hairudi.

Vumbi nalo watu wanalichukulia poa. Lile unaloliona likitua chini si baya kama lile jembamba lisiloonekana, ndo linaingia mapafuni kabisa na kuyatia makovu yasiyo na dawa. Barakoa ya kitambaa haitoshi, vaa barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, N95 au FFP3, inayobana vizuri usoni, na loweka zege maji kidogo kidogo kabla na wakati wa kazi, ila maji yasiguse mashine wala viungio vya waya. Masikioni usikose kinga, lebo ya mashine inasema kelele zake ni desibeli 105. Miwani na buti zenye chuma mbele hizo hata sijadili.

Upande wa umeme, waya wake ni mfupi, hapo wametuangusha. Ukitumia ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, ikibaki imeviringwa na mzigo huu inapata joto mpaka inayeyuka. Chomeka kwenye soketi yenye swichi ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Na kabla ya kugonga ukuta au sakafu jua waya na mabomba yamepita wapi, zima umeme wa eneo hilo, kwa sababu tindo ikigusa waya wenye moto chuma chote cha mbele kinakuwa na umeme, haijalishi mashine imekingwaje kwa ndani.

Kitu kimoja kimenifanya nisiipe nyota tano: kitufe cha kufungia swichi. Ukikibonyeza mashine inaendelea hata ukiachia mkono, raha kweli kwa kazi ndefu, lakini siku moja umeme ulikatika nikaiegemeza ukutani nikaenda kunywa maji, umeme uliporudi ikaanza kugonga yenyewe, ikaanguka ikirukaruka sakafuni na mwenzangu alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Kijitabu hakijagusia hilo popote. Tangu siku hiyo kile kitufe sikibonyezi tena, na umeme ukikatika kitu cha kwanza nachomoa waya. Nyota nne.