Usukani wa Renthal Fatbar kwenye KX250F yangu: mikono imepona

Naendesha Kawasaki KX250F ya 2013, pikipiki ya motokrosi, katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi, na kwa misimu miwili mikono ilinitesa. Ikifika mzunguko wa tatu, misuli ya chini ya kiwiko imejaa na kukakamaa kama ubao, vidole havina nguvu ya kuvuta klachi. Nililaumu shokamzoba, nikalaumu uhaba wa mazoezi. Usukani sikuufikiria hata kidogo, mpaka nilipoanguka kwenye kona ukapinda.

Ule wa zamani ulikuwa bomba la alumini la milimita 22.2 kote, lenye ufito wa juu unaounganisha pande mbili. Fundi mmoja alitaka kuunyoosha. Nilikataa, na nawasihi nanyi mkatae. Alumini ikishapinda imechoka; ukiinyoosha, yaweza kukatika siku unatua kutoka kwenye tuta, ubaki umeshika kipande.

Badala yake nikanunua Renthal Fatbar, unaotengenezwa Uingereza. Katikati, kwenye vibano vinavyoushikilia juu ya pikipiki, una unene wa milimita 28.6, kisha unapungua taratibu hadi 22.2 penye raba za mkono. Hauna ufito wa juu. Nguvu iko kwenye ule unene wa katikati, na kwa kuwa pande zake hazijafungwa pamoja, zinanyumbuka kidogo ukitua na kurudi mahali pake. Vibano vya zamani haviutoshi, kwa hiyo weka fedha ya vibano vipya kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kilichoniletea raha hasa ni kuukata. Ulikuja na upana wa karibu milimita 800, nami mabega yangu si mapana. Viwiko vilikuwa vimetanuka mno. Nilikata milimita 5 kila upande kwa msumeno wa chuma, nikaendesha wiki moja, kisha nikakata 5 nyingine. Usiwe na haraka, maana ukishakata hakuna kurudisha. Tena kila unapoufupisha, pikipiki inakuwa nzito kidogo kuikata kona na usukani unanyumbuka kwa uchache zaidi, kwa hiyo mimi niliishia 780.

Upande wa mkono wa mafuta, ule unaouzungusha kuongeza mwendo, piga tupa na msasa mpaka ukingo uwe laini kabisa, kisha ufute vumbi la alumini. Ukibaki na makali, mkono wa mafuta unaweza kukwama ukiwa wazi, na hilo ni hatari ya kweli. Vibano vya klachi na breki nilivikaza kwa kiasi tu, viweze kuzunguka nikianguka badala ya kuchimba bomba. Mkwaruzo wa kina ndipo ufa unapoanzia. Kutoboa tundu sehemu yoyote ya katikati, usijaribu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuzungusha mbele kupita kiasi. Vifundo vya mikono viliuma siku nzima. Nilipoulinganisha na mwinamo wa foki za mbele, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu, maumivu yaliisha.

Bei yake ni chungu, na anayeendesha mara moja kwa mwezi huenda asihitaji. Mimi Jumapili iliyopita nilimaliza mbio zote, nikavua glavu, nikafungua chupa ya maji kwa mikono yangu. Zamani kaka yangu ndiye aliyekuwa akinifungulia.