Schiit Modi, Schiit Magni na adapta ya Apple: nilivyozisikia baada ya kusawazisha sauti

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri sauti hapa Mtwara. Harusi ndizo zinazonilisha, lakini ninachokipenda hasa ni ngoma: sindimba, na zile zinazopigwa watoto wanapotoka jando, ngoma kubwa na ndogo zikijibizana, njuga miguuni, vigelegele vya akina mama vikipasua juu ya yote. Chumba changu cha kazi kipo Shangani, majirani wako ukutani, na kazi nyingi naifanya usiku. Spika haziwezekani. Kila uamuzi naufanya kwa hedifoni.

Ninazo mbili. Ya kila siku ni Audio-Technica ATH-M40x, iliyofunikwa nyuma, omu 35 (omu ni kipimo cha ukinzani wake kwa umeme). Ya pili ni Sennheiser HD 600, iliyo wazi nyuma, omu 300, aina iliyotoka mwaka 1997 na ambayo bado inapendwa na watu wa sauti. Miaka yote nilikuwa nazichomeka kwenye tundu la laptopu na kuendelea na kazi. Msimu wa korosho uliopita binamu yangu, ambaye ni baharia, alipita nyumbani akaniachia visanduku viwili alivyonunua Marekani: Schiit Modi, ambayo ni kigeuzi, na Schiit Magni, ambayo ni amplifaya. Aliongeza na adapta ndogo ya Apple, ile ya USB-C yenye tundu la hedifoni, ambayo kule inauzwa dola 9. "Kaa navyo mpaka nirudi," akasema. "Utakachokipenda tutaongea."

Kwa asiyevijua: kigeuzi hupokea tarakimu za faili la sauti na kuzirudisha kuwa wimbi la umeme. Amplifaya hulipa wimbi hilo nguvu ya kusukuma viwambo vya hedifoni. Simu na laptopu zenye tundu la hedifoni zinavyo vyote viwili ndani yake, na adapta ya Apple, ingawa ni kijiwaya tu, inavyo pia. Kwa hiyo nilichotaka kujua ni kama vya nje vinasikika tofauti na vya ndani, na kama kikubwa kinamshinda kidogo.

Kabla ya sauti kuna umeme, na hapa nakuomba usome taratibu kama utaletewa kifaa kutoka Marekani. Chaja za simu na laptopu hukubali volti 100 hadi 240, tumeshazoea kuchomeka bila kuangalia. Magni si hivyo. Adapta yake ya umeme ni transfoma ya kawaida inayotoa umeme wa AC, na ile ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wao wa volti 120. Soketi zetu ni volti 230. Ningeichomeka moja kwa moja ningeiunguza. Fundi redio sokoni alinipatia transfoma ya kushusha umeme, nzito kama tofali, na mpaka leo inafanya kazi. Adapta ya Magni inapata joto kiasi, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na wa Marekani ni wa hezi 60, kwa hiyo naizima ninapomaliza kazi.

Usiku wa kwanza nilisikiliza rekodi ya sindimba niliyoifanya Mikindani. Kwanza kwenye tundu la laptopu, kisha kwenye Modi na Magni, HD 600 masikioni. Mwili ulinisisimka. Ngoma kubwa ilikuwa na kifua, njuga zilijitenga mguu mmoja mmoja, nikasikia hata mtu akikohoa nyuma ya wapigaji. Nilimwandikia binamu usiku huohuo kwamba vifaa vyake havirudi melini.

Kesho yake nilimvisha hedifoni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, nikamchezea zote mbili. Akasikiliza, akavua, akasema, "Mjomba, hii ya pili si ipo juu tu?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Sikio la mwanadamu halipimi sauti zote kwa mizani moja. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo tunapoteza besi kuliko tunavyopoteza sauti za katikati, na ikipanda besi inarudi. Ndiyo maana kifaa kilichozidi kidogo tu hakisikiki kama "kimepanda sauti". Kinasikika kina kifua, kina uwazi, kina uhai. Maneno yaleyale niliyomwandikia binamu.

Basi nikaamua kusawazisha sauti kabla ya kusikiliza tena, na kwa sikio haiwezekani, inataka mita. Ile mita ya njano ya bei nafuu niliyokuwa nayo haikufaa: upande wa AC huanzia volti 200, na hapa tunatafuta sehemu ya volti moja. Nikamwendea fundi simu wa jirani, ana mita nzuri inayosoma volti chache za AC hadi milivolti. Nikatengeneza mlio wa hezi 60 kwenye programu ya kuhariria (mita nyingi zimeundwa kupima umeme wa nyumbani, kwa hiyo ziko sahihi kwenye hezi 50 au 60, si kwenye milio ya juu), nikaucheza kupitia kila kifaa huku hedifoni imechomekwa, nikapima kwenye kigawanyio cha jeki. Hedifoni lazima iwepo wakati wa kupima, kwa sababu vifaa vingine volti zake hushuka vikishabebeshwa mzigo.

Mita ilisema wazi. Mlio uleule, laptopu ikiwa juu kabisa, Modi ilitoa karibu volti 2 na adapta ya Apple karibu volti 1. Volti mara mbili ni desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Hiyo si tofauti ya kuvizia, ni tofauti ambayo mtu aliye chumba cha pili ataisikia. Usiku ule wa kwanza nami sikuwa nimesawazisha chochote, kwa hiyo sikuwa nimelinganisha vifaa hata kidogo.

Nilisawazisha mpaka tofauti ikabaki chini ya asilimia moja ya volti, yaani chini ya desibeli 0.1. Ilinichukua jioni nzima, kwa sababu kitufe cha Magni kikiguswa tu namba zinahama. Nilikibandika utepe.

Halafu kuna tatizo la kujua. Nikijua ninachosikiliza, nimeshaamua. Fundi redio alinitengenezea swichi ya njia mbili ndani ya kopo la plastiki, mpwa akakaa upande wa pili wa kanga tuliyoitundika katikati ya chumba. Kwa kila raundi alirusha sarafu ya shilingi 100: upande wa Mwalimu ni kifaa cha kwanza, upande wa swala ni cha pili. Anageuza njia kwenye laptopu na swichi, sekunde mbili tatu, anagonga meza mara moja, mimi nasema. Anaandika kwenye daftari bila kuniambia nimepata au nimekosa. Raundi 16. Mtu anayebahatisha atapata kama 8. Nafasi ya anayebahatisha kufikisha 12 au zaidi ni chini ya 4 katika 100, na hapo ndipo nilipoweka mstari. Tulianza baada ya isha, bajaji zikiwa zimepungua, na ilibidi tuzime feni kwa sababu HD 600 iko wazi na upepo wa feni unaingia wote. Tulitoka jasho sana.

Kwanza vigeuzi peke yake: Modi ikiingia Magni, dhidi ya adapta ya Apple ikiingia Magni ileile. Nilichagua vipande vigumu, vigelegele na njuga, na kipande cha taarabu chenye ganuni kwa sababu nyuzi zake hufa polepole na kasoro yoyote ingesikika pale. Nilipata 9 kati ya 16. Nikaomba turudie siku ya pili, nikapata 7. Raundi zile nilizokuwa na uhakika kabisa, ambazo ningeweza kuapa, nilikosa nusu yake.

Nilikwenda kusoma, nikakuta si mimi tu. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti: waliwachezea watu rekodi za ubora wa juu, wakawa wanapitisha sauti ileile kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1, bila msikilizaji kujua ni lini. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Ni sawa na kurusha sarafu. Watu wale walikuwa na vifaa vizuri na masikio yaliyozoea. Nilipoisoma nilipata amani, maana nilikuwa nimeanza kushuku masikio yangu, na masikio ndiyo mtaji wangu.

Amplifaya ni habari nyingine, na hapa inategemea hedifoni. Kwenye M40x, adapta ya Apple peke yake dhidi ya adapta hiyohiyo kupitia Magni, nilipata 10. Sikuvuka mstari. Hesabu inaeleza kwa nini: kwa vipimo vya kiwandani, M40x hutoa desibeli 98 kwa miliwati moja, kwa hiyo volti 1 tu inaipeleka juu ya desibeli 110. Hakuna anayesikiliza hapo akabaki na masikio. Magni haina cha kuongeza.

HD 600 kwa volti 1 inafika kama desibeli 97. Kwa muziki uliokwisha kuhaririwa hiyo inatosha kabisa, na watu wengi wataishia hapo. Lakini mimi narekodi ngoma, na anayerekodi ngoma huacha nafasi: naweka vilele desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu mpigaji akishapandisha mori pigo moja linaweza kuharibu rekodi nzima. Sauti ghafi ya namna hiyo, yenye vilele virefu na wastani wa chini, kwenye adapta ya Apple ikiwa imefunguliwa yote, inakuja kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Hapa sikuhitaji sarafu wala kanga. Magni inaifungua mpaka ninapotaka na bado kitufe hakijafika nusu. Nilipoishusha Magni ikalingana na adapta, tofauti iliisha tena. Kwa hiyo ninachokisifia kwa Magni ni nguvu, na nguvu hiyo naihitaji kila wiki.

Ukiagiza adapta ya Apple, angalia maandishi madogo kwenye mwili wake. Ile ya Marekani, A2049, hutoa volti 1 hivi. Iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, A2155, imewekewa kikomo cha nusu volti. Kwa HD 600 hiyo ya pili itakuwa ndogo mno.

Nimeacha tundu la laptopu mwisho, na ndilo pekee nililolitambua nikiwa nyuma ya kanga: 15 kati ya 16. Sikulitambua kwa besi wala kwa uwazi. Ni mchakacho mwembamba wa "sss" kati ya pigo na pigo, unaoongezeka chaja ikichomekwa, na mlio unaotambaa nikisogeza kipanya. Miaka yote nimekuwa nikiufuta mchakacho ule kwenye rekodi za watu nikidhani umo ndani ya rekodi. Kuna harusi ambazo nilikwangua sauti ya bibi harusi akijibu "nimekubali" mpaka ikawa kavu, kumbe kelele ilikuwa mezani kwangu. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa, na wenye harusi wawili ambao bado nina faili zao ghafi nimeshawatengenezea upya bila malipo.

Siku ya tatu umeme ulikatika tukiwa raundi ya 6. Magni ikazima na transfoma yake, laptopu na adapta ya Apple zikaendelea kwa betri, na nikamaliza kuhariri kazi ya mteja gizani. Kwa anayeishi huku hilo si jambo dogo.

Binamu ameshajibiwa. Modi nimeifunga kwenye boksi lake, haina tatizo lolote, ila nina adapta inayofanya kazi ileile na masikio yangu hayazitofautishi. Magni nainunua, na adapta ya Apple sasa ndiyo inayoilisha.

Mpwa naye alikaa kwenye kiti changu akafanya raundi zake. Kwenye vigeuzi alipata 8. Lakini kwenye tundu la laptopu alisikia kitu cha pili, mlio wa juu kabisa ambao, hata aliponiambia niusikilize wapi, mimi sikusikia chochote. Ana miaka 16, mimi 44. Tangu siku hiyo kila kazi kabla sijaikabidhi anaisikiliza yeye dakika tano, hasa penye vigelegele, na akisema "Mjomba, rudi hapo," narudi.