Jumamosi nne za Python mjini Dodoma: maoni ya karani wa mizani

Mimi ni karani wa mizani soko la mahindi Kibaigwa. Malori ya Kiteto yakianza kushusha, mimi naandika kilo mpaka jioni, na kwa miaka tisa nimeandika kwenye daftari kubwa la mistari. Mwaka huu nililipa shilingi 80,000 kusoma Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, Jumamosi nne, kwenye chumba cha ghorofani karibu na Soko la Majengo. Wenzangu wananiuliza kila siku kama hela ile ilikwenda kihalali. Ilikwenda kihalali, na sababu kubwa ni Jumamosi ya kwanza.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, hatukutoka kwenye aina za data na alama za hesabu. Kijana aliyekaa nyuma alinung'unika, alitaka tutengeneze programu ya simu siku ileile. Mimi haraka ya namna hiyo ilikwisha kuniumiza. Msimu uliopita nilitengenezewa kiprogramu cha kujumlisha kilo, nikaingiza magunia matatu: 98, 102 na 105. Jumla ikaja 98102105, na mwenye mzigo amesimama begani kwangu. Nilifunga kompyuta nikarudi kwenye daftari.

Nilimweleza mwalimu kisa hicho, akakigeuza kuwa somo la saa nzima. Kila unachoandika kwa kibodi Python hukipokea kama maandishi, aina inayoitwa str, hata kama ni tarakimu tupu. Alama ya kujumlisha ikikuta maandishi huyaunganisha, ikikuta namba huzijumlisha. Lazima uyageuze kwanza kuwa namba kamili kwa amri ya int, ndipo 98 iwe kilo. Kisha akatuonyesha ukijumlisha maandishi na namba: Python inagoma na kukuandikia kosa, wakati JavaScript, lugha nyingine ya programu, ingeviunganisha kimya kimya. Hapo ndipo nilipoipenda Python. Mizani ikiharibika ni heri isisome kabisa kuliko isome uongo.

Namba ya simu, kinyume chake, inatakiwa ibaki maandishi. Ukiigeuza kuwa namba kamili, sifuri ya mbele inapotea, na mkulima wako humpati tena.

Kugawanya ndiko kulikonikaa zaidi. Nina kilo 1,250 na gunia ni kilo 100, kwa sababu lumbesa, gunia la kuzidisha kipimo, hairuhusiwi. Alama ya / inatoa 12.5. Alama ya // inatoa 12, magunia yaliyojaa. Alama ya % inatoa 50, kilo zinazobaki sakafuni. Hesabu hizo tatu ndizo nimezifanya kichwani miaka tisa bila kujua kila moja ina alama yake! Mama, jaribu upungufu, mwalimu akaniambia, weka -250. Nikaweka. Kwa // ilikuja -3, nami nilitarajia -2. Python hushuka kwenda namba ya chini, haikati tu mkia. Siku hizi upungufu nauhesabu kwanza kama namba chanya, alama ya kutoa naiweka mwishoni.

Na jihadharini na round, amri ya kukadiria namba iwe nzima. Ukiipa 12.5 inatoa 12, ukiipa 13.5 inatoa 14, maana nusu kamili inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa karani anayelipa makuli kwa idadi ya magunia, hilo ni la kujua kabla ya siku ya malipo.

Tulikuwa na mkulima wa zabibu kutoka Hombolo aliyejumlisha 0.1 na 0.2 akapata 0.30000000000000004, akadhani kompyuta ni mbovu. Si ubovu. Mashine inahifadhi namba kwa 0 na 1 tu, na moja ya kumi haikai humo sawasawa, kama theluthi isivyokaa kwetu tukiandika 0.333. Fedha tuliambiwa tuziweke kwa shilingi nzima, na nimefuata.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya masharti: if ni kama, or ni au, na == ni sawa na. Kosa langu kubwa lilikuwa kuandika if zao == "mahindi" or "mtama", nikashangaa hata ufuta unapita. Maandishi yasiyo matupu Python huyahesabu kuwa kweli, kwa hiyo zao == lazima lirudiwe baada ya or. Kilichonifurahisha ni kwamba 90 <= kilo <= 100 inaandikwa hivyohivyo tulivyofundishwa shuleni. Jumamosi mbili za mwisho, za orodha na faili, zilipita mbio mno.

Mapungufu yapo. Tulikuwa watu kumi na wanne kwa kompyuta tisa, na aliyechelewa aliangalia tu. Umeme ulikatika Jumamosi ya tatu, tukapoteza karibu saa mbili ambazo hazikufidiwa. Makaratasi ya mazoezi yote ni ya Kiingereza, wakati mwalimu anafundisha Kiswahili kizuri kabisa. Mkulima wa zabibu aliyaacha mezani. Nilimwambia mwalimu ayaandike upya, nami niko tayari kumsaidia kwa mifano ya sokoni.

Wanaotoka nje ya mji kama mimi, pandeni basi la alfajiri. Kutoka stendi ya Nzuguni hadi Majengo bado kuna safari ya daladala, na kompyuta zinashikwa na wa kwanza. Njooni na daftari la kazi yenu wenyewe. Mimi nilikuja na la mwezi wa saba, na kurasa zake tatu za kwanza sasa zinajumlishwa na programu niliyoiandika kwa mkono wangu. Jumla zake na za daftari zimelingana hadi kilo ya mwisho.