Mwanasesere Hatapiki: Uzoefu Wangu na Kozi ya Wahudumu wa Dharura

Nimemaliza kozi ya wahudumu wa dharura na naipendekeza kwa moyo mweupe, hasa kwa sababu ya mazoezi ya kuigiza yaliyochukua sehemu kubwa ya mafunzo.

Mwanzo wake ni wa kawaida: slaidi, maswali ya kuchagua, na kukandamiza kifua cha mwanasesere. Kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 30 kisha pumzi 2 za kumpulizia, mnapokezana kila dakika 2. Wakufunzi waliyarudia haya bila kuchoka, na walikuwa sahihi. Walikazia pia jambo linalowapotosha watu: moyo ukisimama, mgonjwa anaweza kuendelea kuvuta pumzi za kukoroma, moja moja, kwa muda mfupi. Ukidhani anapumua vizuri, unachelewa kumkandamiza.

Lakini mwanasesere hatapiki, hakung'ang'anii mkono, wala hana mama anayelia pembeni. Ndiyo maana walileta watu wa kuigiza. Tuliingizwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, redio inapiga kelele, majeruhi amebanwa kati ya kitanda na ukuta, ndugu yake anatuvuta mashati. Damu ya bandia ilikuwa ikisukumwa na pampu ndogo kutoka pajani. Mwenzangu alifunga mkanda pajani, juu zaidi ya jeraha kuelekea nyonga, akakaza mpaka damu ikakata. Mkufunzi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kitu kimoja tu: saa ya kufunga iko wapi? Haturuhusiwi kumwinua mgonjwa kabla haijaandikwa, kwa kuwa daktari ataihitaji.

Zoezi lililonigusa zaidi lilikuwa la mzee aliyekuwa akiyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wa kuigiza wakashikilia kwamba amelewa. Tulifundishwa kupima sukari kwanza, kwa sababu sukari ikishuka mtu huonekana vilevile, na akipuuzwa anaweza kufa. Tulipewa alama hata kwa namna tulivyozungumza naye: kujitambulisha, kumwomba ruhusa kabla ya kumgusa, kumweleza tunachofanya hata pale alipoonekana hasikii. Hapo ndipo kozi hii inastahili sifa zangu zote.

Kilichoniudhi ni zamu za kwenye gari la wagonjwa. Zilikuwa chache, na baadhi yetu tulikalishwa mbele na dereva huku mgonjwa akihudumiwa nyuma. Makabidhiano hospitalini nayo yaliguswa juujuu, ilhali kumweleza muuguzi kwa ufupi nini kimetokea, umekuta nini na umefanya nini ni kazi inayohitaji kurudiwa hadi ikae mdomoni.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, waulize wazi: nitakaa nyuma ya gari na mgonjwa kwa saa ngapi, na nani atanisimamia?