Niliwaambia ni betri, wakanifutia diski

Nianze na kilichoniuma kuliko vyote, maana nikianza na mengine nitapoa, na sitaki kupoa. Nilipeleka kompyuta yangu ya mezani, ya mtumba, kwenye duka nilikoinunua, Kariakoo, nikiwa nimewaandikia kwenye karatasi tatizo ni nini, linatokea wakati gani na nadhani linasababishwa na nini. Mwisho wa karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: DISKI ISIGUSWE. Fundi akaisoma nusu, akaigeuza, akaandikia mgongoni namba ya simu ya mteja mwingine. Kisha akamtazama mdogo wangu wa kiume, aliyenisaidia kubeba mashine na ambaye kompyuta anaijua kwa kuangalia mpira tu, akamwambia: "Mwanangu, mwambie sista atuachie mashine, hivi ni virusi tu. Tunapiga Windows, jioni anachukua."

Nimesimama mbele yake. Mashine ni yangu, risiti ina jina langu, karatasi ni mwandiko wangu. Nikamwambia, "Fundi, ongea na mimi. Naomba ubadilishe betri ya mazabodi kwanza, halafu tuone." Akacheka. "Sista, wewe andika programu zako, mambo ya mashine waachie mafundi."

Sasa niwaeleze tatizo lenyewe, muone kama kulikuwa na haja ya kucheka.

Natengeneza programu za simu. Iliyokuwa mkononi wakati huo ni ya vikundi vya VICOBA: hisa, mikopo, faini, marejesho. Kwenye mashine ile niligawa diski, upande mmoja Windows kwa ajili ya Android Studio, upande wa pili Ubuntu, mfumo wa Linux, kwa kazi za seva. Ilikuwa inaenda vizuri sana, na hilo nitalirudia, kwa sababu mashine haina kosa. Ila kila umeme ukikatika, au kila nikizima soketi ukutani usiku, asubuhi inaamka na maandishi kwenye skrini nyeusi, inataka nibonyeze F1 ndipo iendelee. Nikiingia ndani, saa inasema ni Januari 2015. Kivinjari kinakataa kufungua tovuti, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayoamini tuko 2015 inaona cheti hicho hakijaanza kazi. Git, zana ya kutunzia msimbo, nayo inagoma kutuma kazi kwenye seva, sababu ni hiyo hiyo. Windows haijirekebishi yenyewe, maana kwa kawaida tofauti ya saa ikiwa kubwa kupita kiasi inakataa kuisahihisha. Juu ya yote hayo emuleta ya Android, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, haiwaki. Inadai uwezo wa prosesa kuendesha mashine ndani ya mashine umezimwa, na mimi niliuwasha kwa mkono wangu kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka.

Saa inapotea, mipangilio ya BIOS inapotea, na vinapotea pale tu umeme unapoondoka. Virusi gani huyo anayesubiri uzime soketi?

Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kuna betri ndogo ya duara, CR2032, volti 3, upana wa milimita 20. Kazi yake ni kushikilia saa, na kwa mashine nyingi mipangilio ya BIOS pia, wakati hakuna umeme unaoingia. Mashine hizi za mtumba zimetoka kwenye maofisi huko Ulaya, zimekaa miaka, na nyingi huja na betri zile zile za kiwandani. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, kuna umeme kidogo unaoingia na huo ndio unaobeba saa, betri inapumzika. Ikifika Dar tunaizima ukutani kila usiku, kwa kuogopa umeme utakaorudi kwa kishindo na kuondoka na pawasaplai, na wengine kwa kuibania LUKU. Betri iliyokuwa imechoka inaanza kubeba mzigo peke yake, haimalizi msimu. Ndiyo maana mwenye kompyuta ya mtumba hapa mjini akiniambia saa yake inarudi nyuma, simuulizi mengi. Bei ya betri yenyewe haifiki nauli ya bajaji ya kutoka Kariakoo mpaka Magomeni.

Mtauliza kwa nini sikuibadilisha mwenyewe. Wamebandika stika ya waranti kwenye mfuniko. Ukiichana, waranti imekufa. Nilifuata utaratibu wao.

Jioni nikaenda kuchukua. Shilingi elfu thelathini, "ya kupiga Windows na kuweka antivirasi", kwa sababu ati virusi havimo kwenye waranti. Nikawasha pale pale kaunta. Windows mpya, picha ya nyuma mpya, diski moja tupu isiyo na kitu. Ubuntu hakuna. Windows haiusomi mfumo wa faili wa Linux, kwa hiyo wakati wa kuisimika sehemu ile ilimtokea fundi kama sehemu isiyo na jina, naye akaifuta, akafuta na nyingine zote, akaunganisha. Nilipomuuliza akasema, "Kulikuwa na nafasi inakaa bure tu, nimekuongezea."

Amenifutia kazi, kisha ananihesabia kama zawadi.

Msimbo wa programu upo kwenye seva, huo salama, na nakala za mikataba ziko kwenye diski ya nje. Lakini aliyewahi kukaa na kazi hii anajua kuna vitu ambavyo havipelekwi kwenye seva kwa makusudi. Funguo za SSH, za kuingilia kwenye seva, hazipelekwi. Faili za mipangilio zenye nywila za majaribio za malipo ya simu hazipelekwi, na zikipelekwa hiyo ndiyo kashfa. Hifadhidata ya majaribio niliyoijaza kwa mkono, wanachama wa kubuni, mikopo iliyochelewa, faini zilizobishaniwa, ilikuwa humo. Nilitengeneza funguo mpya, nikaanza kupigia wateja mmoja mmoja kuwaomba waondoe za zamani kwenye seva zao na waweke mpya, na kila mmoja anataka kujua kimetokea nini, na ninaona aibu isiyo yangu. Kisha kupakua upya Android Studio, zana zake, picha za emuleta, kontena za Docker, gigabaiti juu ya gigabaiti, kwa kifurushi cha simu ninacholipia mwenyewe.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi. Mashine ile ilikuja na leseni halali ya Windows. Kwa kompyuta za ofisini za kampuni kubwa tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni huwa umeandikwa ndani ya mazabodi, ukiweka toleo lile lile inajitambua yenyewe. Yeye akaweka toleo lingine kutoka kwenye flashi yake, halafu akalivunjia kufuli kwa programu ya wizi. Ili programu ile ifanye kazi alizima ulinzi wa Windows wenyewe. Alizima ulinzi, akaniuzia antivirasi! Kwenye kompyuta inayoandikiwa programu ya kushika akiba za kina mama wa VICOBA! Hapo ndipo mikono ilianza kunitetemeka, nami si mtu wa kutetemeka.

Nilibeba mashine nikarudi nyumbani. Usiku nikazima soketi kama kawaida. Asubuhi: F1. Januari 2015. Hakugusa betri.

Niwe mkweli kuhusu safari ya pili, kwa sababu ilinibadilisha kidogo. Fundi hakuwepo. Alikuwepo kijana anayejifunza kazi, nadhani hata mshahara hana. Nilimweleza kwa sauti ambayo hakustahili kuisikia. Akaniambia, "Pole dada, ngoja tuangalie," akavuta kiti, akanipa nikae. Akafungua mfuniko mbele yangu, akachomoa betri, akaipima kwa mita na kunigeuzia mita nisome mwenyewe: haikufika hata volti 2. Akaweka mpya, akapanga saa, kisha akaniuliza, mimi, ni mipangilio gani ya BIOS ninayoihitaji. Tukaiwasha ile ya prosesa. Akachomoa waya wa umeme, tukakaa tukisubiri huku akinieleza anavyotamani kujifunza Linux, akachomeka tena. Saa ipo. Hakutaka hela. Siku ile nilipotoka pale nilikuwa tayari kuandika kwamba duka ni zuri, mtu mmoja tu ndiye tatizo. Na kusema haki, mashine waliyoniuzia ni imara, RAM waliyoongeza niliipima usiku kucha kwa Memtest86+ haikutoa kosa hata moja, na bei yao ni ya kibinadamu kuliko maduka mengi ya Posta.

Kwa hiyo nyota nne kwa bidhaa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Halafu nikampigia mwenye duka kudai elfu thelathini yangu. Kwa upole, nikampa na shikamoo yake, ni mtu mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia fundi wake ana uzoefu wa miaka mingi, na kwamba si nimeshatengenezewa, sasa nadai nini? Nikamweleza tena habari ya betri. Akaniuliza kama kuna mwanaume nyumbani aongee naye waelewane.

Basi. Nyota nne nimezifuta. Ukitaka mashine pale, nunua, ila kabla hujatoa hela wakuwekee betri mpya ukiona kwa macho, na wakuandikie kwenye risiti, kwa kalamu yao na muhuri wao, kwamba diski haiguswi bila wewe kuwepo. Wakikataa, ondoka. Tena hapana, hata usifike huko. Jirani zao wanauza mashine hizo hizo, zinatoka kontena hizo hizo. Nyota moja, ya yule kijana mwenye mita, na akifungua banda lake hata uchochoroni nitampelekea kazi zangu zote na za wenzangu. Mwenye duka, elfu thelathini yangu inatumwa kwa namba ile ile niliyokupigia. Ukiituma utakuta simu naipokea mwenyewe.