Valkey baada ya ugomvi wa leseni: ahamie nani, abaki nani

Jibu kwanza, hoja baadaye. Kama seva yako bado inaendesha ghala la data la Redis, toleo la 7.2 au la chini yake, hamia Valkey 8.1, tawi lililozaliwa kutoka kwenye msimbo wa Redis. Kwa data ya kawaida ni kazi ya saa moja, na programu zako hazitajua kuwa kuna kilichobadilika. Kama umeshapanda Redis 7.4 au 8, usiguse kitu kabla ya kusoma habari za faili la RDB, yaani faili la diskini ambamo data huhifadhiwa, hapo chini. Na kama wewe ni wa kubishana tu kuhusu leseni, huna seva yoyote, soma pia, kwa sababu mengi yanayopigiwa kelele katika sakata hili hayamo kabisa kwenye leseni zenyewe.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Redis, ghala la data linalokaa kwenye RAM na kutumika kwa kashe, sesheni na foleni za kazi, iliandikwa na Mwitalia Salvatore Sanfilippo, maarufu kama antirez, ikatoka mwaka 2009 kwa leseni ya BSD. Leseni hiyo ni ya aya chache: chukua, badilisha, uza, hata ufunge ukitaka, mradi ubakize tangazo la hakimiliki na kanusho la dhamana. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ya Redis ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 mtumiaji atachagua kati ya RSALv2 na SSPLv1, leseni ambazo OSI, taasisi inayoidhinisha leseni huria, haizitambui kuwa za programu huria. Siku 8 baadaye Linux Foundation ikatangaza Valkey, iliyoanzia kwenye msimbo wa Redis 7.2.4 uliokuwa bado chini ya BSD, ikiungwa mkono na AWS (wingu la Amazon), Google Cloud, Oracle, Ericsson na Snap. Mei 2025 Redis 8 ikarudi nusu ya njia kwa kuongeza AGPLv3 kama chaguo la tatu. Elastic, wenye Elasticsearch, walipita njia hiyohiyo: wakaacha leseni ya Apache 2.0 mwaka 2021, likazaliwa tawi la OpenSearch, na mwaka 2024 wakaongeza AGPL.

Sasa mabishano. Kauli ya kwanza utakayokutana nayo ni kwamba "Redis sasa ni ya kulipia." Si kweli, wala haikuwa kweli hata mwaka 2024. RSALv2 inakukataza kuichukua Redis na kuwauzia watu wengine kama huduma inayosimamiwa na wewe. Ukiitumia ndani ya duka lako la mtandaoni, mfumo wa shule au programu ya mikopo, hudaiwi hata senti.

Ya pili ni ya upande wa pili: "SSPL ni huria kama GPL, imeongezewa meno tu." Soma kifungu cha 13. Ukiitoa programu kama huduma, unatakiwa kuchapisha si msimbo wa programu hiyo pekee bali na wa kila unachotumia kuiendesha: usimamizi, ufuatiliaji, nakala za akiba, hifadhi, hata programu za kupangisha seva. Kwa mtoa huduma wa kawaida hilo haliwezekani, na hapo ndipo kampuni ya hifadhidata ya MongoDB, walioiandika SSPL mwaka 2018, walipokusudia lifike. Walipoipeleka OSI iidhinishwe, waliishia kuiondoa wenyewe mwaka 2019.

Ya tatu inawatisha wengi kuliko inavyostahili: "AGPL itakulazimisha ufungue programu yako yote." Kifungu cha 13 cha AGPL kinamhusu aliyebadilisha programu yenyewe kisha akawaruhusu watu kuitumia kupitia mtandao. Ukiendesha Redis 8 kama ilivyotoka kiwandani, na programu yako ya PHP au Python ikaongea nayo kupitia poti 6379, hakuna ulichobadilisha. Ila kampuni kubwa, Google ikiwemo, zina sera za ndani zinazopiga marufuku AGPL. Ukimuuzia programu mteja wa aina hiyo, wanasheria wake watakurudisha hata kama hoja yako ni sahihi, na si busara kushindana nao kwa ajili ya kashe.

Ya nne ndiyo yenye hasira zaidi: "Amazon walikuwa wanaiba." BSD iliwaruhusu kuiuza Redis kama huduma, hiyo ndiyo maana ya BSD. Wala si kweli kwamba wenye mawingu hawakuchangia kitu. Antirez alipong'atuka mwaka 2020, mradi uliongozwa na kundi la watu 5, na kati yao mmoja alitoka AWS na mwingine Alibaba. Unaweza kusema kampuni iliyobeba jina na gharama ilistahili kupata zaidi, na hiyo ni hoja nzito. Lakini iseme kama hoja ya haki ya mapato, usiivike joho la wizi.

Jambo ambalo wabishi hulipita ni hili: aya za leseni si kitu cha kwanza cha kuangalia. Angalia nani ana jina, na nani anaweza kubadilisha leseni ya toleo lijalo. BSD ya Redis haikufutwa, matoleo ya zamani yanaendelea kuwa ya BSD. Kilichoondoka ni jina, ghala la msimbo na watumiaji wengi waliozoea kuandika "redis" kwenye usanidi wao, kwa sababu vyote hivyo vilikuwa mali ya kampuni moja. Valkey nayo ni BSD, kwa hiyo yeyote anaweza kuifungia toleo lake kesho. Asichoweza ni kuondoka na jina la Valkey, kwa kuwa liko chini ya Linux Foundation, na mchangiaji hasaini mkataba wa kukabidhi haki zake kwa kampuni. Anaweka tu saini kwenye kila badiliko kuthibitisha kuwa ana haki ya kulileta. Redis ya leo inadai mkataba wa wachangiaji. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu AGPL ya Redis 8, ingawa ni leseni huria halali kabisa, haiwarudishi wote waliotoka: aliyeibadilisha mara mbili ana uwezo wa kuibadilisha mara ya tatu.

Tuingie kwenye bidhaa.

Toleo la 8.0 la Septemba 2024 lilifumua namna nyuzi za kusoma na kuandika mtandaoni zinavyogawana kazi. Mradi wenyewe ulichapisha vipimo vya kutoka maombi 360,000 hivi kwa sekunde hadi karibu milioni 1.2 kwenye mashine moja ya AWS. Usiende na namba hiyo kwa bosi wako. Io-threads, yaani idadi ya nyuzi hizo, ikiachwa ilivyo ni 1, na kwenye seva ya kukodi yenye kori 1 au 2 hutaona tofauti yoyote. Ukiwa na kori 4, jaribu io-threads 2 au 3, upime kabla na baada kwa valkey-benchmark, na kama prosesa haikuwa imejaa, rudisha 1.

Kinachomfaa mtu wa seva ndogo ni 8.1. Jedwali la funguo liliandikwa upya, na kwa hesabu ya mradi unaokoa takriban baiti 20 kwa kila ufunguo, hadi 30 kama ufunguo una muda wa kuisha. Sesheni milioni 10 zenye muda wa kuisha zinaachia hivyo karibu MB 300, ambazo kwenye seva ya GB 2 si za kubeza. Hata hivyo weka maxmemory, yaani kikomo cha RAM. Isipowekwa hakuna kikomo, na BGSAVE, uhifadhi wa data diskini kwa nyuma, inapofanya kazi wakati maandishi ni mengi, matumizi ya RAM yanaweza kupanda mno. Kwenye GB 2 anza na 1gb, chagua maxmemory-policy inayofaa (allkeys-lru kwa kashe, noeviction kwa foleni), na weka vm.overcommit_memory=1 kwenye kerneli.

Kuhama kutoka 7.2 bila kuzima huduma kunakwenda hivi. Kwenye Redis ya zamani andika "INFO server" uhakikishe redis_version haizidi 7.2, kisha "MODULE LIST". Ikileta chochote, una moduli za nyongeza: simama kwanza, usome aya ya mwisho. Washa Valkey kwenye poti 6380. Kama Redis ina nenosiri, ipe Valkey kwa "CONFIG SET masterauth", halafu "REPLICAOF 127.0.0.1 6379". Tazama "INFO replication" mpaka master_link_status isome up. Muda wa kuhama ukifika, zuia maandishi kwenye ya zamani kwa "CLIENT PAUSE 10000 WRITE", hakikisha namba za offset (umbali data ilipofika) za pande mbili zimelingana, andika "REPLICAOF NO ONE" kwenye Valkey, na uelekeze programu poti mpya. Hizo 10000 ni milisekunde, yaani sekunde 10, kwa hiyo badiliko la usanidi wa programu liwe tayari kabla hujabonyeza. Hatua ya REPLICAOF NO ONE ikisahaulika, Valkey itakataa kila andiko kwa kosa la READONLY, na watu wataanza kulaumu Valkey.

Watumiaji wa ACL (orodha ya watumiaji na ruhusa zao) na usanidi havihami kwa njia hii. Data inahama, nywila hazihami. Nakili faili la ACL na mistari yako ya usanidi kwa mkono.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwa wanaonakili dump.rdb, lile faili la RDB, badala ya kutumia rudufu, yaani njia ya REPLICAOF ya hapo juu. Kama usanidi wa Valkey una "appendonly yes" (kuandika kila badiliko kwenye faili la kumbukumbu, AOF) na hakuna saraka ya appendonlydir, seva haitaisoma dump.rdb yako hata kidogo. Itawaka tupu, kimya, bila kosa. Baya zaidi, baada ya muda itahifadhi utupu huo juu ya faili ulilonakili. Kwa hiyo: weka nakala ya pili mahali pengine, hakikisha mmiliki wa faili ni mtumiaji anayeendesha seva, washa kwa "appendonly no", hesabu funguo kwa DBSIZE, ndipo uandike "CONFIG SET appendonly yes". Subiri aof_rewrite_in_progress irudi 0, umalizie na CONFIG REWRITE.

Sasa walio kwenye 7.4 na 8. Redis 7.2 huandika RDB ya toleo la 11, 7.4 huandika la 12, na Valkey 8 ikikutana nalo, kwa mipangilio yake ya kawaida, inasema haiwezi kulishughulikia, inazima. Rudufu nayo haisaidii, maana hatua yake ya kwanza ni kutuma RDB hiyohiyo. Wengi hukimbilia DUMP na RESTORE, amri za kutoa na kurudisha ufunguo mmojammoja, nazo zinagoma, kwa kuwa kila kifurushi cha DUMP kimebandikwa namba ya toleo la RDB mwishoni. MIGRATE, amri ya kuhamisha funguo, inatumia njia hiyohiyo, kwa hiyo nayo inagoma. Njia za uhakika zaidi ni mbili: zana kama RedisShake inayopita funguo kwa SCAN na kuziandika upya, au kuanza upya bila data. Kwa kashe, anza bila data, usijitese. Kwa foleni, acha programu zinazochakata foleni zimalize kazi zilizopo ndipo uhame. Kwa sesheni, watumiaji wataingia upya, fanya usiku.

Wengi walifika 7.4 bila kuamua. Kwenye Docker, lebo ya "redis:7" inakupeleka 7.4, na "redis:latest" ilipanda hadi 8. "docker compose pull" moja inatosha kukufungia mlango. Ukiwa hujaamua, andika "redis:7.2" na uache hapo. Kwa Valkey andika "valkey/valkey:8.1", si latest.

Kwa nini 8.1 na si 9, iliyotoka Oktoba 2025? Kwa sababu 8.1 bado inaandika RDB ya 11, hivyo ukijuta unaweza kurudi Redis 7.2 kwa faili lilelile. Valkey 9 inaandika toleo la 80, na safari hiyo ni ya kwenda tu. Panda 9 ukishatulia, au mara moja kama unahitaji HEXPIRE, ile amri ya kuipa sehemu moja ya hashi muda wake wa kuisha. Redis ilikuwa nayo tangu 7.4, na hapo Valkey walichelewa zaidi ya mwaka.

Maktaba hazina shida. Redis-py, phpredis, Jedis na ioredis zinaongea na Valkey bila kubadilishwa, na kwenye Laravel unagusa tu anwani na poti. Usishangae "INFO server" ikionyesha redis_version:7.2.4 hata ukiwa kwenye Valkey 9, imefanywa makusudi ili maktaba zinazopima toleo zisichanganyikiwe. Toleo halisi liko kwenye valkey_version.

Bei, kwa wanaokodi wingu: AWS walipoleta Valkey kwenye ElastiCache waliipangia bei ya chini ya Redis kwa asilimia 20 kwenye nodi na asilimia 33 kwenye huduma isiyo na seva. Ukiwa unalipia kituo chao cha Cape Town kwa dola, hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala wa leseni ofisini.

Redict, tawi jingine la Redis lenye leseni ya LGPL, ni ya anayetaka mradi mdogo usiokuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Garnet ya Microsoft ina kasi, lakini imeandikwa upya kwa C#, kwa hiyo usiitarajie iige kila tabia ya Redis.

Abaki Redis 8 yule ambaye "MODULE LIST" yake ilileta kitu. Utafutaji, JSON na data za mfuatano wa muda vyote vimo ndani ya Redis 8, pamoja na seti za vekta alizoandika antirez mwenyewe baada ya kurudi kwenye kampuni mwishoni mwa 2024. Valkey ina kifurushi cha valkey-bundle chenye JSON, utafutaji na vichujio vya Bloom, lakini data za mfuatano wa muda hazimo, na RDB yenye aina za data za moduli za Redis haitasomeka. Kwa mtu huyo AGPL si tatizo, mradi haibadilishi Redis yenyewe na wateja wake hawana sera ya kuikataa. Awaulize kabla ya kusaini mkataba, na jibu alipate kwa maandishi.