Kupunguza tumbo au kuunganisha utumbo upya?

Dada yangu wa Kisumu ana kisukari na kiungulia, na anawaza upasuaji wa aina mbili wa kupunguza uzito. Wa kwanza huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula. Kinachobaki ni kama ndizi nyembamba. Wa pili huacha kijifuko kidogo juu, kisha utumbo mwembamba unaunganishwa nacho.

Kabla ya kisu hakuna tofauti kubwa: mlo mwepesi wiki mbili hivi ili ini lisinyae, na sigara ikome.

Baadaye ndipo njia zinapoachana. Wa kwanza ni mwepesi kufanywa, lakini kiungulia kinaweza kuzidi. Wa pili kwa kawaida hudhibiti kisukari vizuri zaidi, ila chai yenye sukari nyingi inaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, aiepuke, isije ikamtia vidonda. Vitamini ni za maisha, kotekote.

Baada ya upasuaji wowote ataanza na maji na supu, halafu vyakula vilivyopondwa. Ugali ukirudi, utakuwa tonge chache baada ya samaki. Na mimba isubiri miezi 12 hadi 18; hilo azungumze na mumewe mapema. Mimi naegemea upasuaji wa pili.